Jiko la maji, mshenga na amana ya wakfu

Ndugu msomaji, wiki hii naomba ruhusa niingie jikoni, mahali ambapo katibu wa kamati ya msikiti haonekani mara kwa mara.

Madrasa ya msikiti wetu hapa Dodoma inalisha wanafunzi 130, wengi wao wakiwa watoto wa bweni waliokuja kuhifadhi Qur'ani kutoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na vijiji vya Chamwino. Kwa miaka mingi uji, ugali na maharage yao yameiva kwa kuni na mkaa. Serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, ulipoweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, kamati yetu ilianza kuchangisha. Ijumaa baada ya Ijumaa kisanduku kilipita safu kwa safu. Akina mama wa darsa la Alhamisi wakaleta fedha za upatu wao. Hatimaye mweka hazina wetu akatangaza kuwa shilingi milioni tano na laki nane zimetimia kwa ajili ya jiko la watoto.

Fedha hizo ni wakfu. Aliyezitoa amekwisha kuzikabidhi kwa Mola wake, na sisi tulioachiwa tumebaki walinzi tu. Ndiyo maana nasimulia yaliyotokea, kwa sababu nusura tuzipoteze kwa mchana mmoja.

Alitujia mfanyabiashara mmoja, mtu wa maneno laini, akiwa na pipa la chuma, mirija miwili ya mpira, betri ya gari na jiko dogo. Akatia maji pipani pamoja na kijiko cha magadi, akaunganisha nyaya za betri, na baada ya muda mapovu yakaanza kupanda ndani ya chupa ya kioo. Akawasha kiberiti. Moto ukatokea mwembamba, usio na moshi. “Waheshimiwa,” akasema, “hili ni jiko la maji. Ndani yake mna vichocheo vya kisasa vya teknolojia ya nano. Maji yenyewe ndiyo kuni. Mkaa muusahau kabisa.” Bei yake ilikuwa milioni tano na nusu. Wazee wakatazamana. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikwisha kuufungua mwandiko wa muhtasari na kuandika neno “Imeazimiwa.”

Aliyetuokoa ni mama mpishi wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu Katibu, hiyo betri ikichoka inachajiwa na nini?” Nikamuuliza mgeni. Akajibu kuwa inachajiwa kwa umeme wa kawaida au wa jua. “Basi,” akasema mama, “hapo tutakuwa tunapika kwa umeme. Maji yamekuja kusindikiza tu.”

Kikao kiliahirishwa kwa wiki moja. Katika wiki hiyo nilikaa na kijana mmoja wa msikiti wetu anayefundisha kemia sekondari, na yale niliyojifunza kwake na katika kusoma kwangu naona ni haki ya kila familia kuyajua, kwani mapipa ya namna hii huzunguka mitaani kwa majina mengi.

Tuanze na lililo kweli. Maji ni muungano wa haidrojeni na oksijeni, na umeme ukipitishwa ndani yake huweza kuyatenganisha. Hilo lilionekana London mwaka 1800, pale Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipotumia betri iliyokuwa ndiyo kwanza imebuniwa. Haidrojeni huwaka, na ikiwaka huungana tena na oksijeni na kurudi kuwa maji, bila moshi. Kwa hiyo moto tuliouona haukuwa kiini macho.

Tatizo limo katika hesabu. Ili kupata kilo moja ya haidrojeni unahitaji takriban lita 9 za maji, na kwa uchache kabisa uniti 39 za umeme. Huo ndio uchache ambao hakuna fundi awezaye kwenda chini yake kwa mtambo wa kutumia maji na umeme peke yake, kwa sababu ndiyo nguvu iliyoziunganisha haidrojeni na oksijeni tangu awali. Mitambo mizuri ya viwandani hutumia kati ya uniti 50 na 55. Ukiichoma kilo hiyo jikoni, joto utakalopata kwa kawaida halizidi uniti 33. Ukiirudisha kuwa umeme kwa betri maalumu ya haidrojeni, utaambulia uniti 16 hadi 20 hivi. Umenunua uniti 50 za LUKU na umepika kwa 33. Kumbe kama ungeziingiza zile 50 moja kwa moja kwenye jiko la umeme, sehemu kubwa zaidi ingefika chunguni.

Kijana wetu akapiga pia hesabu ya betri ya mgeni. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 60 ikijaa hubeba takriban asilimia 70 ya uniti moja. Kuchemsha ndoo ya lita 20 za maji, kutoka ubaridi wa asubuhi ya Dodoma hadi yatokote, kunahitaji karibu uniti mbili, hata kama hakuna joto linalopotea. Betri ile nzima isingechemsha nusu ya ndoo, nasi tuna watoto 130.

Sasa, vipi kuhusu neno lililotulewesha, yaani kichocheo? Hapa ndipo ilipo elimu yenyewe, na ni elimu tukufu isiyostahili kuchafuliwa na wauza mapipa.

Jina la jambo hili katika kemia ya kisasa lilitolewa mwaka 1835 na Msweden Jöns Jacob Berzelius, alipoona kuwa kuna vitu ambavyo vikiwapo hurahisisha mabadiliko ya vitu vingine, ilhali vyenyewe havitumiki vikaisha. Sisi watu wa Uswahilini tunaye wa kumfananisha naye, naye ni mshenga. Mshenga huzikutanisha nyumba mbili, hulainisha maneno, hufupisha safari, na ndoa ikishafungwa huenda zake akiwa vilevile alivyokuja, tayari kwa posa nyingine. Lakini mshenga hapangi mahari. Mahari ikiwa ng'ombe kumi, mshenga mzuri atakuepushia safari za bure, zawadi zisizo na mpango na vikao visivyokwisha. Hao ng'ombe kumi utawatoa.

Zile uniti 39 ndizo mahari. Kinachozidi hapo, uniti 11 hadi 16 au zaidi, sehemu yake kubwa ni gharama za safari: umeme unaopotea kwa sababu haidrojeni na oksijeni zinasitasita kuachana na kuondoka juu ya vipande vya chuma. Kwa lugha ya volti, maji yangeweza kuanza kutengana kwa volti 1.23, lakini mitambo huendeshwa kwa volti 1.8 hadi 2. Kichocheo kizuri hupunguza pengo hilo, nalo ndilo wanalopigania wataalamu wa dunia nzima. Anayekuambia kuwa kichocheo chake kimefuta mahari yenyewe, huyo ama hajui au anakudanganya.

Na hii nano ni nini? Ni kipimo cha udogo. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kazi ya kichocheo hufanyika usoni mwake tu, pale kinapogusana na maji, na kilichofichika ndani ya bonge hakina faida. Kila mama anayepika uji wa uwele analijua hili kwa mikono yake. Punje nzima huchukua muda mrefu kuiva, lakini ukizisaga, unga wake huiva upesi kwa kuwa sehemu inayoguswa na maji ya moto imeongezeka. Chukua kipande cha nikeli chenye upana, urefu na kimo cha sentimita moja. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ungeweza kukikata kiwe vipande vya nanomita moja moja, nyuso zake zote kwa pamoja zingefika mita za mraba 6,000, eneo linalokaribia kiwanja cha mpira. Chuma ni kilekile na uzito ni uleule.

Njia mojawapo ya kufikia hali hiyo iligunduliwa miaka ya 1920 na Mmarekani Murray Raney, aliyekuwa akitafuta namna bora ya kugandisha mafuta ya mbegu za pamba yawe mafuta ya kupikia. Aliyeyusha nikeli pamoja na aluminiamu, kisha akaiondoa aluminiamu kwa magadi makali. Nikeli iliyobaki ilikuwa imejaa vitundu vidogo mno kama sifongo. Gramu moja yake huweza kuwa na uso wa takriban mita za mraba 100, sawa na chumba cha swala cha mita 10 kwa 10. Nikeli ya namna hiyo, iliyoanzia kwenye mafuta ya jikoni, hutumiwa hadi leo kwenye vyuma vya mitambo ya kutenganisha maji. Mitambo hiyo hutiwa maji yenye alkali, na neno alkali lenyewe limetoka katika Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ambayo mababu walitengenezea sabuni.

Kuna mitambo ya aina nyingine inayotegemea platinamu na iridiamu. Iridiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka ni tani 7 au 8 tu, na kubwa yake hutoka Afrika Kusini. Ndiyo sababu wanasayansi wanahangaika kuisambaza kwa chembe za nanomita chache, ili gramu moja ifanye kazi ya gramu nyingi, au kuikwepa kabisa kwa kutumia nikeli, chuma na kobalti.

Nilipofika hapa katika kusimulia mbele ya kamati, nilimwomba mweka hazina wetu aoneshe pete yake. Amekuwa akiivaa miaka mingi, pete ya fedha yenye jiwe la kijani kibichi lililochimbwa Haneti, katika wilaya yetu ya Chamwino. Jiwe hilo, krisoprasi, ni ndugu wa akiki. Ukijani wake hautokani na majani wala shaba, bali na chembe ndogo mno zenye nikeli zilizotawanyika ndani yake. Mzee alikuwa akiinyoosha nikeli kidoleni kila anaposema “Amin” bila kujua. Nchi yetu ina nikeli nyingine nyingi kule Kabanga, wilayani Ngara, ambako serikali iliingia mkataba wa uchimbaji mwaka 2021. Swali ambalo wazazi tunapaswa kujiuliza ni nani atakayeigeuza nikeli hiyo kuwa sifongo la thamani, watoto wetu au watoto wa wengine. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Arusha inafundisha sayansi ya malighafi na ya nishati, na Chuo Kikuu cha Dodoma kipo mlangoni petu. Mtoto aliyezoea kuhifadhi juzuu thelathini hawezi kushindwa na jedwali la elementi, akipewa nafasi.

Kuna mtambo wa kutenganisha maji ulio bora kuliko yote hii ya wanadamu kwa upole wake, nao uko kwenye kila mbuyu wa Ugogo. Jani la kijani hutenganisha maji kwa mwanga wa jua, bila joto kali wala alkali, likitumia kichocheo chenye atomi nne za manganizi na moja ya kalisiamu. Sote tunasoma Surat Yasin, na katika aya ya 80 tunakumbushwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyetujaalia moto kutoka katika mti wa kijani. Sisemi kwamba aya hiyo ilishuka kufundisha kemia, na sipendi tabia ya kuining'inizia Qur'ani kila uvumbuzi unaotokea. Nasema tu kwamba anayeisoma kila Alhamisi usiku ana sababu ya kulitazama jani kwa heshima zaidi, na sababu zaidi ya kuuonea huruma mti kabla hajaugeuza gunia la mkaa.

Ndugu msomaji, nisije nikaeleweka kuwa haidrojeni ni ulaghai. Ina mahali pake, na mahali pake ni pale ambapo umeme ni mwingi na rahisi, na kazi yenyewe haiwezi kufanywa vizuri na umeme peke yake, kama kutengeneza mbolea na kuyeyusha chuma. Ndugu zetu walioko Muscat wameyasikia haya kwa karibu, kwani Oman iliunda kampuni ya Hydrom mwaka 2022 kusimamia haidrojeni ya jua na upepo, na ikajiwekea lengo la tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Kule Misri, kiwanda cha KIMA cha Aswan kilianza mwaka 1960 kutengeneza mbolea kwa haidrojeni iliyotokana na maji na umeme wa Mto Nile.

Lakini tazama pia yaliyotokea Kwekwe, Zimbabwe. Kiwanda cha Sable kilitengeneza mbolea kwa njia hiyohiyo tangu miaka ya 1970. Mitambo yake ya kutenganisha maji ilizimwa mwaka 2015, umeme ulipokuwa haba nchini. Maji yalikuwapo, na vyuma vilikuwapo. Kilichokosekana ni kile alichokiulizia mama mpishi wetu.

Wiki ilipotimia, kamati ilikutana tena baada ya Isha. Kijana wa kemia aliongeza jambo moja lililowanyamazisha hata waliokuwa bado wanalitamani pipa. Katika viwanda, haidrojeni na oksijeni hutenganishwa kwa kiwambo ili zisikutane. Katika pipa lile zote mbili zilitoka kwa mrija mmoja, zikiwa zimekwisha kuchanganyika kwa kipimo kinachofaa kulipuka. Cheche moja ikirudi nyuma ndani ya mrija, pipa ni bomu, na jiko letu linapakana na bweni la wasichana.

Sheria yetu ilikwisha kutupa kinga kabla ya kemia. Wanavyuoni wamekataza biashara ya gharari, yaani kununua kitu ambacho hali yake na mwisho wake havijulikani. Mtu akiamua kujitia gharari kwa fedha yake, hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini kwa fedha ya wakfu, msimamizi hana hata ruhusa ya kubahatisha. Nilidhani gharari ni samaki aliye baharini na ndege aliye angani, mifano tuliyoisoma chuoni. Sasa najua kuwa ni pamoja na chombo ambacho mnunuzi ameona aibu kuuliza kinavyofanya kazi.

Tuliazimia hivi: masufuria mawili makubwa ya presha ya umeme kwa ajili ya maharage na makande, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakila mkaa mwingi, jiko la gesi ya mtungi kwa ugali na uji, na fedha iliyosalia ikae kuwa mwanzo wa mfuko wa paneli za jua, maana Dodoma Mwenyezi Mungu ametunyima mvua nyingi lakini jua hakutunyima. Mfanyabiashara tulimpa jibu kwa heshima, tukamwandalia chai. Yumkini naye aliuziwa maneno kabla ya kutuuzia, kwa hiyo tulimweleza hesabu zote na kumwomba asilipeleke pipa lile kwenye nyumba yenye watoto. Alisikiliza kimya. Alichokiamua moyoni anakijua Allah.

Ninawaomba wasimamizi wa misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama wachukue maswali matatu na kuyaweka ukutani. Kwanza, nguvu inaingia kutoka wapi, na kiasi gani? Pili, inatoka kiasi gani? Tatu, ni nani mwenye elimu, asiye na hisa katika mauzo, aliyekipima? Chombo cha kweli hakiogopi maswali hayo, na muuzaji mkweli atayafurahia.

Muhtasari wa kikao kile ninao. Neno “Imeazimiwa” nililoliandika kwa haraka nimelipiga mstari, na chini yake nimeandika kuwa mama mpishi, ambaye si mjumbe wa kamati, aliuliza swali, na kwamba kuanzia mwezi ujao atakaribishwa katika kila kikao kinachohusu jiko. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa.